Mugomba Katika Kaburi la Amisi

Bwana asifiwe, ndugu zangu.

Nimewasikia walioitika. Wale ambao hawakuitika sitawaambia waitike tena kwa nguvu, kama tunavyozoea kufanya hapa. Mukae vile muko. Mimi nilikaa miaka mingi mu kanisa hii nimevaa kikwembe cha wamama kama wenzangu, napiga makofi kama wenzangu, na ndani yangu hamukuwa muntu. Kwa hiyo ule ukimya naujua. Leo nimekuja kusema na wenye ukimya ule.

Munanijua. Mimi ni Mama Amisi, muuza mawese ku soko, nyumba yetu iko Mikelenge, ile yenye migomba nyuma. Munajua pia kwamba ulimi wangu haukupakwa asali. Pasteri aliponipa nafasi ya kutoa ushuhuda aliniomba niwe mufupi na nifurahishe watu. Kwa ufupi nitajaribu.

Mume wangu, Baba Amisi, yule munayemuita Prof, alifundisha bioloji ku sekondari mpaka uzee ulimutoa kazini. Mimi nilitoka nyumba ambamo Mungu alikuwa anasifiwa pande mbili, baba Muislamu, mama Mukristo, na kila asubuhi iko muntu anasali. Nikaolewa na muntu ambaye ukimuuliza habari za Mungu anakuna kidevu na kusema, "Sijui." Hakuwa anatukana dini. Hakuwa anakunywa pombe. Siku za ndoa na siku za kilio alikuwa anaingia kanisa, anakaa, anatoka. Siku zingine za mvua alikuwa ananingojea inje na mwavuli, wakati mimi niko ndani namuombea aokoke.

Amisi alikuwa mutoto wetu wa kwanza. Tulimupa jina la baba yangu. Alisoma katika kalasi ya baba yake, na siku moja alirudi nyumbani anacheka, akanikuta natwanga majani ya sombe. Mwanafunzi mumoja alikuwa amesimama na kuuliza, "Prof, sayansi inasema Mungu haiko?" Kalasi yote ikageukia ukuta, kwa sababu mwalimu wa dini alikuwa anafundisha kalasi ya jirani na ukuta ulikuwa wa mbao.

Baba yake akawajibu hivi, Amisi alinirudilia neno kwa neno. "Wadudu wa kuhara waliua babu zetu kabla ya muntu yeyote kuwaona. Walikuwa wapo. Lenzi njo haikuwa. Kwa hiyo kitu kisichoonekana, musiseme haiko. Lakini na lile nyoka lenye taa kichwani munasema linakaa mu muto Lualaba, nalo halionekani. Kwa hiyo musiseme iko. Pale sayansi haina kipimo, inasema sijui, na inanyamaza."

Amisi akaniambia, "Mama, leo Baba amemupa Mungu kiti. Lakini karibu na mulango."

Mimi nilikasirika. Nilimuambia, "Muambie baba yako, Mungu hakai karibu na mulango kama jirani anakuja kuomba moto." Amisi akazidi kucheka, akachukua mutwango mukononi mwangu akatwanga yeye. Vile njo alivyokuwa. Akikuudhi, anakusaidia kazi.

Kisha vita. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na watoto waliozaliwa nyuma ya vita wasikie tu. Muji wetu wa Kindu ulifungwa. Treni haikuja. Chumvi ilipotea, sabuni ilipotea, tukawa tunaoga na majivu. Ndani ya muji iko wenye bunduki, musituni iko wenye bunduki wengine. Ukienda shamba, hawa wanasema unapelekea wale chakula. Ukirudi, wale wanasema unapelekea hawa. Mashamba yetu yalikuwa karibu, unaweza kuona majani ya mihogo yako kutoka mwisho wa kartye, ule mutaa wetu, na huwezi kuifikia.

Amisi alikuwa kijana tayari, ndevu zinaanza. Alisema ataenda na wenzake upande wa barabara ya Pangi kutafuta mihogo. Baba yake hakutaka, mimi sikutaka, lakini wadogo zake walikuwa wanalala na njaa na tumbo halisikii mashauri. Nilimufungia kikapu mugongoni mimi mwenyewe. Kamba ilikuwa fupi, nikaongeza kipande cha kikwembe changu.

Wenye bunduki waliwakamata huko, wakawabebesha mizigo. Wenzake wawili watatu walitoroka wakarudi. Walisema walimuona Amisi katika mustari, na gunia kichwani, anaingia musitu.

Hapo njo habari ya Amisi inaishia, ndugu zangu. Naweza kusimama hapa mpaka jioni, sitawaongezea neno.

Yaliyobaki ni maneno ya njiani. Mumoja alisema Amisi alikufa kwa homa. Mwingine alisema amemuona kule Lubutu. Mwingine alisema yuko mahali panaitwa Kama, anachimba zahabu. Kila aliyeona alikuwa ameona kwa macho ya muntu mwingine. Kuambiwa mutoto wako amekufa ni kisu, mimi sitasema si kisu. Lakini kisu kinaingia na kinatoka. Kisu cha kutojua kinaingia na kinabaki humo, unakula nacho, unalala nacho, unauza mawese nacho.

Njia zilipofunguka kidogo, shangazi ya mume wangu alifika kutoka Tunda. Alikuwa mwanamuke wa zamani, wa kusema mara moja. Alituketisha akatuambia kilio hakiwezi kukaa wazi namna hii. Munaijua desturi yetu. Muntu akipotea mutoni au musituni na mwili haukupatikana, watu wanakata mugomba, wanauvika nguo yake, wanaufunga sanda, wanauzika mahali pake. Usipofanya vile, mwenye kupotea anahangaika huko aliko, na wadogo zake hawapati ndoa wala uzazi. Mimi nilikuwa Mukristo wa kubatizwa na nilikubali palepale. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mahali pa kuweka maua, hata kama chini yake ni mugomba.

Baba Amisi alikataa. Alisema, "Shangazi, tukizika tunasema tunajua. Nani anajua?" Shangazi akamujibu, "Wewe na kujua kwako. Mutoto anataabika huko kwa sababu ya kujua kwako." Walibishana mpaka shangazi akaanza kulia, na kumuona yule mama analia ilikuwa kama kuona ukuta unalia. Mume wangu akasimama. Akasema, "Vizuri. Lakini mugomba nitauleta mimi mwenyewe." Akachukua mupanga, akachukua na jembe, akaenda ku shamba letu dogo karibu na kijito.

Alirudi anasukuma kinga, baiskeli ya jirani, mugomba umelazwa juu yake, amekwisha kuufunga kikwembe kutoka juu mpaka chini. Alikuwa na matope mpaka kwenye magoti. Shangazi akavika juu yake shati jeupe la Amisi, lile la masomo. Wanaume waliobeba walisema ni muzito. Nani angefungua? Maiti iliyofungwa haifunguliwi. Tuliuzika nyuma ya nyumba, tukaimba, nikalia kilio cha mama mwenye maiti, na maiti hakuna. Kisha shangazi akarudi Tunda na roho yake imetulia.

Roho yangu mimi haikutulia. Niliacha kula. Sikuamua kuacha, chakula njo kiliacha kupita. Wamama wa kanisa walileta uji, nikaushika mukononi mpaka unapoa. Uchungu wa mwana anaujua muzazi, walisema, na kweli, lakini wakisema vile walikuwa wanasimama kwenda nyumbani kwa watoto wao.

Mvua ilianza. Asubuhi moja jirani yangu Mama Zaina aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Nikatoka mbio. Katikati ya kaburi, udongo ulikuwa umepasuka, na jani la mugomba, jipya, la kijani, bado limekunjika, limesimama.

Sisi wote hapa ni watoto wa wakulima. Munajua mugomba ukikatwa juu, shina peke yake, ukiuweka chini ya udongo unaoza. Hauoti. Mugomba unaota kutoka muzizi wake, ile sehemu nene ya chini. Na desturi ni kukata shina, kila muntu anajua, ni shina linalozikwa. Kwa hiyo kila aliyekuja kuona alielewa palepale kwamba kitu hiki hakiwezekani. Mama Zaina, Muislamu wa kufunga na kuswali, alipiga magoti. Kanisa yote ilikuja. Watu waliimba kuzunguka lile jani, wengine walichota udongo kidogo na kuufunga katika kitambaa.

Iko mutumishi mumoja wa maombi, sitamutaja, alihama muji huu zamani. Aliweka mukono juu ya kichwa changu akatoa unabii: "Mutoto wako ni muzima. Kabla mugomba huu haujazaa, ataingia mulangoni mwako." Na mimi niliamini. Niliamini kama muntu aliyekuwa na kiu anavyokunywa, haulizi maji yametoka wapi. Siku ile nilikula sahani nzima ya wali na samaki, nikaomba ingine.

Jioni nilimukuta Baba Amisi amesimama mbele ya lile jani. Nikamutania. Nikamuambia, "Wewe wa sayansi, leo unasema nini?"

Akasema, "Mugomba unaota."

"Ni hivyo tu?"

"Mama Amisi, mugomba unaota."

Nilicheka, nikasema leo sayansi imefunga mudomo. Nilidhani ameshindwa na anaona haya.

Ndugu zangu, tumaini linaweza kumuvaa muntu vibaya kuliko shetani. Nilifagia chumba cha Amisi kila asubuhi. Niliweka sahani yake. Muntu wa kinga akapita na kusema Lubutu iko kijana anaitwa Amisi, muntu wa Kindu. Nilikwenda, mahali pengine juu ya kinga ya wauza mawese, mahali pengine kwa miguu, na miguu ikavimba. Kijana alikuwepo kweli. Aliitwa Amisi kweli. Alikuwa mutoto wa watu wengine. Alinikaribisha, akaniita mama, akanipa kiti na maji, na mimi nilimuchukia. Nilimuchukia mutoto wa wenyewe kwa sababu alikuwa muzima. Nimeliombea lile jambo, na bado nikimukumbuka naona haya.

Kisha nikaenda Kama, ku mashimo ya zahabu. Wanaume wanatoka shimoni wamepakaa matope kichwa mpaka kidole, wote rangi moja, wote urefu mumoja. Niliita jina lake kwenye mudomo wa kila shimo. Halafu nilikuwa nangoja waoge, ili nijue kwamba si yeye.

Niliporudi, mugomba ulikuwa umetoa maua. Halafu mukungu. Ndizi zilijaa, zikanona, zikaiva, zikaanguka. Hakuna muntu aliyethubutu kuzila. Ndege walikula.

Amisi hakuingia mulangoni.

Nilikwenda kwa yule mutumishi. Akaniambia iko muntu ndani ya nyumba yangu anaziba njia, muntu asiyeamini. Munajua ni nani alikuwa anamusema. Niliacha kumupikia mume wangu. Niliacha kumujibu salamu. Aliungua vidole akijifunza kupika wali, wali wake ukatoka nusu mubichi nusu makaa, na kila siku aliniwekea sahani yangu na kuifunika. Mugomba ukazaa mara ingine, kwa watoto wake waliotoka pembeni. Mutumishi akasema sasa ni imani yangu haikutosha. Kisha akahama.

Vita ilikwisha. Treni ikarudi. Nikawa nakwenda ku gare, pale treni inasimama, kila ikisikika, nasimama na bidoni yangu ya mawese kama muntu anauza, na nilikuwa siuzi. Mutoto wa mama mumoja wa hapa alirudi siku moja, munamujua, leo ana watoto. Nilicheza kwenye furaha yao mpaka viatu vikakatika. Nilifika nyumbani nikalala chini, ku sakafu, sikuweza kupanda kitanda.

Hapo nilianza kuwaza, na kuwaza kwangu kulikuwa kama kwa mume wangu, hatua kwa hatua. Kama lile jani lilikuwa ishara ya Mungu, basi Mungu ni muongo. Kama halikuwa ishara ya Mungu, na mimi nililiona na macho yangu, na kanisa yote iliona, basi sijui tena kitu gani ni cha Mungu. Kila upande nilipogeuka, ukuta. Hapo njo imani yangu ilikufa, ndugu zangu, na sikuwa hata na mugomba wa kuizika mahali pake. Niliendelea kuja hapa. Muntu anakuja kanisa kwa sababu nyingi. Ukiacha kuja wanakufuata nyumbani na nyimbo.

Miaka imepita hivyo. Wadogo zake Amisi waliolewa na kuoa, wamezaa. Ile migomba ilijaa nyuma ya nyumba mpaka ikaziba dirisha la jikoni. Na mimi naitwa Mama Amisi kila siku ku soko, na wanaoniita wengi hawajui kwamba jina lile ni la muntu.

Kiangazi hiki tulichomaliza, nilikuwa nachota mafuta, nikasikia wageni wawili wanapita njiani. Mumoja akamuonyesha mwenzake, "Ile njo migomba ya muujiza." Sijui kilichonipata. Niliweka mafuta chini, nikachukua jembe na mupanga, nikaenda nyuma. Nilikata wa kwanza. Nilikata wa pili. Maji yake yakaniruka usoni. Nilikuwa nataka nifike chini kabisa, ning'oe muzizi wa mwisho, pale pabaki udongo mutupu, ili muntu yeyote asipite tena kuniambia neno muujiza.

Baba Amisi alitoka. Muzee sasa, anatembea na fimbo. Alisimama pembeni akaniangalia kidogo. Akasema, "Mama Amisi, weka jembe chini. Mimi njo niliupanda."

Nilidhani uzee umemuingia kichwani. Nikasema, "Tuliuzika. Hakuna aliyepanda."

"Nyinyi mulizika. Mimi nilipanda. Sikuukata juu. Niliuchimba pamoja na muzizi wake, njo maana nilichukua jembe. Halafu nikaufunga kabla hamujaona. Nilijua utaota."

Nilisimama pale na mupanga mukononi. Zilinipita zote, nyimbo, udongo katika vitambaa, yule kijana wa Lubutu na kiti chake, mashimo ya Kama, ku gare. Nilitaka kumupiga. Nasema kweli mbele ya Mungu na mbele yenu, nilipima umbali. Nikamuuliza, "Kwa nini?"

Alikaa chini, juu ya shina nililokata.

"Shangazi alitaka niseme mutoto amekufa. Mimi nilikuwa sijui. Nimefundisha watoto wa watu wasiseme wanajua kitu ambacho hawajui, halafu kwa mutoto wangu nianze kusema? Nilifika ku shamba, nikainua mupanga, mukono ukakataa. Nikasema, kama hatujui, basi chini ya udongo kubaki kitu ambacho hakijafa."

"Na walipokuja kuimba? Na nilipokwenda Lubutu na miguu yangu? Ulinyamaza kwa nini?"

Aliweka fimbo chini. "Siku ile jani lilipotoka, ulikula. Tangu kilio ulikuwa huli. Ulikula sahani nzima ukaomba ingine. Nikasema, kesho nitamuambia. Kesho ukala tena."

Ndugu zangu, nilikaa chini na mimi, kwenye matope. Njia ya muongo ni fupi, wanasema. Ya mume wangu ilikuwa ndefu, na hakuweka neno la uongo hata moja ndani yake. Mugomba unaota, alisema. Mimi njo nilikuwa sisikii.

Nikamuambia, "Basi Mungu hakuwemo. Ilikuwa wewe na jembe."

Alikuna kidevu, kama zamani. Akasema, "Kwa nini mugomba uliota, najua, naweza kukuandikia na chaki ku tablo. Kwa nini mimi, muntu wa kupima, nilipiga magoti katika matope kumuachia muzizi mutoto ambaye sina habari yake, hiyo nimeitafuta miaka yote hii. Sina kipimo chake. Sijui, Mama Amisi. Kile kiti cha karibu na mulango, sijakiondoa."

Sikujua kwamba Amisi alimuambia na yeye ile mizaha ya kiti. Nilikuwa nimedhani ni yangu peke yangu. Tulilia pale wazee wawili, na yeye sijawahi kumuona akilia, hata siku ya kuzika.

Munangoja niwaambie Mungu aliniokoa na nini. Aliniokoa na muujiza. Muniache niseme, wamama, musigune. Nilikuwa nimemuweka Mungu ndani ya jani. Jani likawa na sababu yake, na kama Mungu alikuwa ndani ya jani tu, basi na yeye amekwisha. Lakini pale chini, ndani ya kikwembe, mahali hakuna aliyeangalia, ilikuwa imebaki kitu. Muntu asiyeamini alikiacha kwa sababu hakutaka kusema uongo, na kwa sababu alimupenda mutoto wake. Kile sijui nikiite nini. Baba Amisi naye hajui. Sayansi yake haikunirudishia Mungu, muntu asiwadanganye. Iliacha tu mulango haujafungwa, na mimi nilikuwa nimekaa miaka mbele ya ukuta, kwa hiyo kwangu mulango ni kitu kikubwa.

Siku hizi nasali hivi: "Mungu, kama uko." Ni hivyo tu naanza. Mama mumoja wa kikundi chetu alinisikia akasema sala yenye "kama" haifiki. Labda haifiki. Lakini zile za zamani zilikuwa na Haleluya nyingi na hazikuwa zangu. Hii fupi ni yangu. Namuomba anitazamie Amisi, pale musituni au pale udongoni, mimi sijui, na kama yeye yuko, anajua. Halafu nanyamaza. Usiku mwingi hakuna kinachojibu. Nalala hata hivyo, na zamani nilikuwa silali.

Amisi hajarudi. Niwaambie wazi, musije mukatoka hapa mukisema Mama Amisi amefarijika. Huzuni yangu iko palepale, imezeeka pamoja na mimi. Sina jibu la kuwapa wale wenye watu wao waliopotea, na najua muko wengi katika viti hivi. Ninachowaomba ni kidogo. Musikubali muntu awauzie hakika, ya kwamba iko au ya kwamba haiko. Na kama imani yenu imekatwa, muangalie chini kabla ya kung'oa.

Namushukuru Mungu, kama uko, Bwana, nakushukuru. Namushukuru Pasteri, nimeona alivyokuwa anaangalia saa na hakunikatiza. Namushukuru Baba Amisi. Ameingia leo, na leo si ndoa wala si kilio. Mukigeuka mutamuona, amekaa kwenye kiti kile cha mwisho, karibu na mulango.

Mbele yake iko mukungu wa ndizi, zimeiva. Zimetoka kaburini kwa mutoto wangu, migomba mingine nilikuwa sijaifikia na mupanga. Miaka yote hii hakuna aliyezila. Leo asubuhi nilimenya moja nikala, nimesimama pale nyuma ya nyumba. Ni ndizi tu, ndugu zangu. Ni tamu.

Mukitoka, kila muntu achukue moja. Yule aliyeshindwa kuitika pale mwanzo, yeye atangulie.